Bao la Dakika ya 87

Nyamitaba iko milimani, katika Masisi, Kivu ya Kaskazini. Ni nchi ya malisho. Ng'ombe hupanda mpaka juu kwenye vilele, na mabondeni watu hulima viazi, maharage na mahindi. Ukichukua ramani ya Kongo na kupima kwa rula kutoka Nyamitaba mpaka Kinshasa, utapata zaidi ya kilometa 1,500. Ndiyo sababu mpenzi wa mpira wa Nyamitaba haendi uwanjani kuitazama timu ya taifa. Yeye huujua mpira kwa masikio. Mtangazaji wa redio akinyamaza kidogo, naye huacha kupumua. Mtangazaji akipiga ukelele, huruka juu kabla hajajua ni nani aliyefunga.

Palikuwa na kijana mmoja wa namna hiyo. Umri wake ulikuwa miaka kumi na tisa. Kazi yake ilikuwa kukamua ng'ombe wa mama yake, asubuhi na jioni, na kupeleka maziwa katika kiwanda kidogo cha jibini kilichokuwa ng'ambo ya kilima. Watoto wa Masisi hawana haja ya kuelezwa jibini ni nini: ni yale mabonge ya mviringo, ya rangi ya manjano, yanayouzwa Goma. Fedha ya maziwa ndiyo iliyomlipia dada yake mdogo karo ya sekondari.

Kijana huyo aliipenda timu ya Kongo, ambayo huitwa Chui, tangu utoto wake. Lakini mapenzi yalizidi tangu tarehe 7 Februari 2024. Siku hiyo Chui walicheza na Kodivaa mjini Abidjan, katika nusu fainali ya Kombe la Afrika. Wimbo wa taifa ulipopigwa, wachezaji wa Kongo walijifunika mdomo kwa mkono mmoja, na kwa mkono wa pili wakaelekeza vidole viwili kando ya kichwa, mfano wa bunduki. Walitaka ulimwengu uone kwamba mashariki ya nchi yao watu wanauawa, na ulimwengu umenyamaza. Kongo ilifungwa siku ile bao 1 kwa 0. Lakini huko Masisi watu hawakuzungumza sana habari za bao. Walisema, "Wametukumbuka." Mtu aliyewahi kukimbia nyumba yake usiku na godoro kichwani hawezi kusahau jambo kama hilo, na kijana huyu alikuwa amekimbia mara mbili.

Basi ukafika mwaka 2025. Mataifa ya Afrika yalikuwa yakishindania nafasi za kwenda kwenye Kombe la Dunia la mwaka 2026. Yaligawanywa katika makundi tisa, na wa kwanza wa kila kundi angekwenda moja kwa moja. Kongo ilikuwa kundi moja na Senegal, Sudan, Togo, Mauritania na Sudan Kusini. Anayeshinda hupata pointi 3, wakitoka sare kila mmoja hupata pointi 1, anayefungwa hapati kitu. Baada ya michezo saba, Kongo ilikuwa na pointi 16, na Senegal pointi 15. Mchezo wa nane uliwakutanisha hao wawili, Kinshasa, tarehe 9 Septemba.

Mtoto aweza kuuliza kwa nini watu wazima wakose usingizi kwa ajili ya pointi moja. Sababu ni hii. Kongo ilikuwa imekwenda kwenye Kombe la Dunia mara moja tu, mwaka 1974, ilipokuwa ikiitwa Zaire. Baba wengi wa Nyamitaba hawakuwa wamezaliwa. Tena, tangu Januari 2025 mji wa Goma ulikuwa mikononi mwa M23, ndege hazikutua tena huko, na vita ilikuwa imeikata nchi vipande viwili. Redio ilivuka hata hivyo. Jioni ya mchezo, mtu wa Kinshasa na mtu wa Nyamitaba waliweza kuishika pumzi kwa wakati mmoja.

Kwa wakati mmoja, lakini si kwa saa moja. Maana saa za Kivu hutangulia saa za Kinshasa. Huko uwanjani palikuwa bado na jua. Nyamitaba giza lilikuwa likiingia, nayo ndiyo saa ya kukamua.

Kijana alikamua upesi upesi. Kwa desturi maziwa ya jioni hutiwa katika bidoni, bidoni hufungwa vizuri, kisha hutumbukizwa katika maji ya chemchemi mpaka asubuhi. Maji ya milima ile ni baridi, na maziwa yakilala humo hayachachi. Jioni ile kijana aliiacha bidoni jikoni, karibu na mafiga. Akasema moyoni, "Nitaipeleka wakati wa mapumziko." Akakimbia kwa rafiki yake.

Rafiki huyo ndiye aliyekuwa akipokea maziwa katika kiwanda cha jibini. Walikuwa wamekua pamoja, wamechunga pamoja, wamefunga pamoja mipira ya majani makavu ya migomba. Zaidi ya hayo, yeye alikuwa na redio nzuri, na betri mpya. Chumba kilijaa watu, na wengine walisimama nje dirishani.

Cédric Bakambu akafunga. Yoane Wissa akafunga. Kongo 2, Senegal 0! Rafiki akasimama juu ya kiti, akapiga makofi, akasema, "Yamekwisha! Tunakwenda Marekani!" Wote wakacheka kwa furaha, kijana naye akacheka.

Kabla ya mapumziko Pape Gueye wa Senegal akarudisha bao moja. Watu wakasema si kitu. Mapumziko yakafika, na hakuna aliyetoka chumbani. Walikuwa wakibishana habari za kipindi cha pili. Bidoni ilikuwa jikoni. Mchezo ukaanza tena, na Nicolas Jackson akasawazisha. Sasa hakuna aliyebishana. Dakika zikapita, sabini, themanini, na wengine wakaanza kusema kwamba sare nayo si mbaya, mradi tubaki mbele kwa pointi moja. Dakika ya 87 Pape Matar Sarr akafunga bao la tatu la Senegal. Mchezo ukaisha hivyo, 3 kwa 2, na Senegal wakawa na pointi 18, Kongo pointi zake zile zile 16.

Watu wakatoka mmoja mmoja bila kuagana. Kijana peke yake ndiye aliyesema neno, na neno lenyewe lilikuwa baya.

"Wewe ndiwe uliyetufungisha," alimwambia rafiki yake. "Nani alikutuma useme yamekwisha?"

Rafiki alidhani ni mzaha, akacheka. Kicheko kile kilikuwa kama mafuta juu ya moto. Kijana akaongeza maneno mengine, ambayo hayafai kuandikwa katika kitabu cha watoto, akaenda zake gizani.

Tazameni jinsi jambo hili lilivyo la ajabu. Uwanja wa Mashahidi wa Kinshasa waweza kuchukua watu wapata 80,000. Kelele za uwanja mzima hazikuweza kuuzuia mpira usiingie. Je, neno moja lililosemwa chumbani Nyamitaba laweza kuuingiza? Kijana alijua kwamba haliwezi. Alikuwa amesoma mpaka darasa la nne la sekondari, hakuwa mjinga. Lakini mtu mwenye uchungu hutafuta wa kumtwika uchungu wake, na wachezaji wa Senegal walikuwa mbali. Rafiki yake alikuwa karibu.

Nyumbani mama alikuwa amemwekea viazi na maharage.

"Sina njaa, Mama."

"Nani amekufa?"

"Hakuna aliyekufa."

"Basi njoo ule."

Hakwenda. Alilala chali, akaucheza mchezo ule tena kichwani mwake, na kila mara alipoufikisha dakika ya 87 aliuzuia mpira kwa namna mpya: mara kwa kichwa, mara kwa goti, mara kwa mkono wa mlinda lango. Mkulima akiharibiwa shamba na mvua ya mawe, aweza kushika jembe tena. Mchezaji aliyekosa aweza kesho kwenda mazoezini. Lakini mpenzi wa timu hana la kufanya. Hakuupiga mpira, wala hakuukosa. Ameketi tu juu ya kigoda, na hata hivyo amefungwa. Labda ndiyo maana usiku wake huwa mrefu kuliko wa mchezaji mwenyewe.

Asubuhi alichelewa kuamka. Alipoingia jikoni akaiona bidoni. Aliifungua, na harufu ikamtosha.

Hapo alifanya jambo ambalo siku nyingine asingelifanya. Alikwenda kukamua maziwa ya asubuhi, akayamimina juu ya yale ya jioni, akatikisa, akafunga kifuniko, akapanda kilima. Alifikiri kwamba maziwa mengi mapya yataificha ile harufu. Alifikiri pia, na hili ndilo baya zaidi, kwamba rafiki yake hatathubutu kuyakataa baada ya maneno ya jana.

Kiwandani hawakusalimiana. Rafiki akaifungua bidoni, akanusa, akamtazama. Kisha akachota kidogo katika kijiko kikubwa cha chuma, akakishika juu ya moto. Maziwa mazuri huchemka na kupanda yakiwa laini. Maziwa yaliyoanza kuchacha hukatika. Hutengana, mabonge huku na maji huku. Yale yalikatika mara moja.

"Hayapokelewi," alisema rafiki.

"Ni kwa sababu ya jana?"

"Ni kwa sababu ya maziwa."

Alisema kweli. Katika kiwanda cha jibini maziwa ya watu wote humiminwa katika sufuria moja kubwa. Hupashwa moto kidogo, hutiwa dawa ya kuyagandisha, hukatwakatwa, maji yake huchujwa, na yaliyobaki hushindiliwa katika vyombo vya mviringo, kisha hutiwa chumvi. Bidoni moja iliyochacha ikiingia sufuriani, huharibu kazi ya nyumba ishirini. Kama rafiki angeyapokea kwa ajili ya kutafuta amani, wajane wawili watatu wa kijiji kile wangekosa fedha ya wiki.

Kijana akarudi na lita kumi na mbili mgongoni. Njia ya kurudi, nayo ilikuwa ya kuteremka, ilimchosha kuliko ya kupanda. Mama alimwona kwa mbali, akaelewa.

"Mabao matatu ni ya Senegal," alisema. "La nne umejifunga mwenyewe."

Kisha hakusema tena. Aliyamimina maziwa katika vibuyu ili yagande vizuri, na siku iliyofuata akaketi kando ya njia akauza mtindi kwa vikombe. Alipata kama nusu ya fedha ambayo kiwanda kingempa. Kijana alikuwa karibu naye, akiosha vikombe, uso umeinama.

Akapita mzee mmoja wa kijiji, akanunua kikombe, akaketi juu ya jiwe. Habari za kijana alikuwa amekwisha kuzisikia. Katika kijiji habari haihitaji redio.

"Tulifungwa matatu?" aliuliza mzee.

"Matatu, Babu. Nyumbani kwetu. Na tulikuwa tumewatangulia kwa mawili."

"Mimi nilikuwa mtoto wa miaka kumi na miwili tulipofungwa tisa."

Akaanza kusimulia. Mwezi wa Machi 1974 Zaire ilishinda Kombe la Afrika huko Misri. Fainali na Zambia ilitoka sare, 2 kwa 2, ikarudiwa baada ya siku mbili, na Zaire ikashinda 2 kwa 0. Mabao yote manne ya Zaire yalifungwa na mtu mmoja, Ndaye Mulamba. Watoto wote machungani walijiita Ndaye. Hata mlinda lango alikuwa Ndaye. Mwezi wa Juni wakaenda Ujerumani ya Magharibi kwenye Kombe la Dunia, timu ya kwanza ya Afrika kusini ya Sahara kufika huko. Wakafungwa na Scotland 2 kwa 0. Wakafungwa na Yugoslavia 9 kwa 0. Wakafungwa na Brazil 3 kwa 0. Mabao kumi na manne, na wao hawakufunga hata moja.

"Mlifanya nini, Babu, siku ile ya tisa?"

"Ng'ombe walikuwa na kiu. Tuliwanywesha."

"Kisha?"

"Kisha tukacheza mpira. Lakini siku ile tuligombana, maana hakuna aliyekubali kuwa Ndaye." Mzee akafuta mtindi midomoni. "Baada ya siku chache tukagombana tena. Kila mtu alimtaka."

Alinyamaza kitambo, akitazama ndani ya kikombe. Kisha akauliza, kama mtu anayeuliza bei ya chumvi:

"Mwezi wa kumi tutacheza na Togo na Sudan, sivyo? Utasikiliza kwa redio ya nani?"

Kijana hakujibu. Lakini kesho yake alipanda kilima bila bidoni. Rafiki alikuwa katika chumba cha kukomazia jibini, akiyageuza mabonge juu ya mbao, moja moja, kama inavyofanywa kila siku ili yakauke sawasawa. Kijana alisimama mlangoni. Alikuwa ametengeneza maneno njiani, na sasa yote yamempotea. Rafiki akamtupia kitambaa.

"Shika. Anza upande ule."

Wakageuza pamoja, huyu huku na huyu huko. Walipofika katikati ya ubao wa tatu, kijana akasema, "Yale maneno ya juzi..."

"Usilisahau hilo la pembeni," alisema rafiki. "Hilo hukauka upande mmoja."

Mtu asidhani kwamba uchungu uliisha siku hiyo. Urafiki ulipona, bao lilibaki. Mwezi wa Oktoba Kongo iliifunga Togo 1 kwa 0, na tarehe 14 ikaifunga Sudan 1 kwa 0. Lakini Senegal nao walishinda michezo yao miwili. Hesabu ya mwisho ikawa Senegal 24, Kongo 22. Usiku ule rafiki alichukua kaa la moto lililozimika, akaandika juu ya kifuniko cha sanduku. Kama mchezo wa Kinshasa ungalibaki 2 kwa 2, Kongo ingalipata pointi 1 zaidi, na Senegal wangalipoteza 2. Kongo 23, Senegal 22. Chui wangalikuwa wa kwanza. Walizitazama tarakimu zile kwa muda mrefu. Sare tu ingalitosha! Kijana akatoka nje, akasimama gizani karibu na zizi, akasikiliza ng'ombe wakicheua.

Aliporudi alikuta rafiki amefuta na kuandika hesabu nyingine. "Unakumbuka Novemba 2023?" aliuliza. "Sudan walitufunga 1 kwa 0. Kama siku ile tungaliwafunga sisi, tungalikuwa na pointi 25, na Senegal wangefunga wanavyotaka."

Kijana alifikiri. Aliikumbuka siku hiyo, lakini kwa shida. Ulikuwa mchezo wa pili tu, hakuna aliyelala na njaa kwa ajili yake, wala hakuna aliyemtukana mwenzake. Pointi tatu zilizopotea wakati ule zilikuwa pointi kamili, kama zile za Septemba. Hakuna mtu wa Nyamitaba aliyezililia.

Kwa kuwa wa pili, Kongo haikufungiwa njia yote. Timu nne zilizokuwa bora miongoni mwa wa pili zilikutana Rabat, Moroko, mwezi wa Novemba. Tarehe 13 Kongo iliifunga Kamerun 1 kwa 0. Kapteni Chancel Mbemba alifunga dakika tisini zilipokwisha kupita. Tarehe 16, usiku, wakacheza na Nijeria.

Jioni ile bidoni ya kijana ilikuwa ndani ya chemchemi kabla nyota ya kwanza haijatokea, na jiwe juu ya kifuniko. Chumba cha rafiki kilijaa kama siku ile nyingine. Mzee wa mtindi alipewa kiti chenye mgongo. Nijeria wakatangulia kufunga, Meschack Elia akasawazisha, dakika 120 zikaisha 1 kwa 1. Kabla ya mikwaju ya penalti mwalimu wa timu, Sébastien Desabre, alimtoa mlinda lango Lionel Mpasi, akamwingiza Timothy Fayulu. Baadhi ya watu chumbani wakanung'unika. Mzee akawaambia wanyamaze wasikie.

Rafiki alikuwa amejifunika mdomo kwa viganja vyote viwili tangu mkwaju wa kwanza. Hakuna aliyemwambia afanye hivyo. Mikwaju ikapigwa, mingine ikaingia, mingine ikakosa, na mwisho ikawa zamu ya Mbemba. Akapiga. Ikawa 4 kwa 3, na chumba kikalipuka kwa shangwe. Watu wakakumbatiana, kiti kikavunjika, mbwa wakabweka mpaka ng'ambo ya bonde.

Rafiki alikuwa bado ameketi, mikono mdomoni, macho yamemtoka, akimtazama kijana.

"Sema sasa," kijana alimwambia.

Akatikisa kichwa kukataa.

Ulikuwa umebaki mlango mmoja tena, mwezi wa Machi 2026, huko Mexico, pamoja na timu za mabara mengine. Mzee alijua hesabu hiyo. Kelele zilipopungua aliinuka kwa fimbo yake, akaichukua redio, akafungua kifuniko cha nyuma, akazitoa betri moja baada ya nyingine, akazifunga katika leso yake, zisije zikaisha kabla ya Machi.